NIKELI, METALI INAYOVUMILIA MOTO



Sisi wa pande hizi za Kyela tunaijua kutu vizuri sana. Mvua zetu ni nyingi kuliko za sehemu nyingi za nchi, na ziwa liko karibu. Bati jipya likiezekwa leo linang'aa, lakini baada ya miaka michache tunaanza kuona madoa mekundu. Jembe likisahauliwa nje usiku mmoja, asubuhi lina rangi ya udongo. Hiyo ni kutu ya maji.

Lakini iko kutu nyingine. Hiyo haitaki maji wala umande. Inataka moto. Tunaiona kila siku jikoni, ila wengi wetu hatujaipa jina. Tazama wavu wa kuchomea samaki pale Lyulilo au Matema. Ukinunuliwa ni mnene na mgumu. Ukitumika miezi kadhaa unakuwa mwembamba, unabonyea katikati, na ukiugonga unadondosha magamba meusi. Mwisho unakatika. Maji hayakuuharibu. Moto ndio ulioula.

Leo tunataka tueleze kwa nini moto hula chuma, na ni metali gani inayoweza kuuvumilia. Habari hii si ya wataalamu peke yao. Inamhusu mwenye pikipiki, mwenye boti na abiria wake, na mama mwenye jiko la umeme. Tena inahusu mali iliyoko ndani ya ardhi ya nchi yetu.

MAGONJWA MATATU YA CHUMA MOTONI

Chuma kikiwekwa motoni hupata magonjwa matatu. Tuyatazame moja moja.

Ugonjwa wa kwanza ni kulainika. Mhunzi anaujua huu, na tena ndiyo riziki yake. Akitaka kupinda chuma anakiweka kwenye makaa, anavukuta, kikiwa chekundu anakigonga nacho kinatii. Maji huchemka karibu na digrii 100. Chuma cha kawaida kikifika digrii 600 hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Kwa mhunzi hilo ni jambo jema. Kwa chuma kilichomo ndani ya injini, ni hatari.

Ugonjwa wa pili ni kurefuka polepole. Chuma chenye mzigo kikikaa kwenye joto kali kwa muda mrefu, huanza kutambaa. Leo kidogo, kesho kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Ndiyo maana wavu wa samaki unabonyea katikati hata kama hakuna mtu aliyeukanyaga. Kumbe mzigo ule mdogo wa samaki, pamoja na joto, umeuvuta siku baada ya siku.

Ugonjwa wa tatu ni kuliwa. Ndani ya hewa mna oksijeni, ile tunayoivuta puani ili tuishi. Oksijeni ikikutana na chuma cha moto huungana nacho, na hapo yanatokea magamba meusi. Magamba hayo hayashiki vizuri. Yanapasuka, yanadondoka, na chuma kipya kilichokuwa chini yake kinabaki wazi. Oksijeni inakila nacho. Yanatokea magamba mengine, nayo yanadondoka. Basi inakwenda hivyo hivyo mpaka chuma kimekwisha.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Je, dawa yake si kutafuta metali ambayo haiyeyuki upesi? Jibu ni hapana. Chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538. Nikeli, ambayo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, huyeyuka kwenye digrii 1,455. Maana yake nikeli huyeyuka mapema kuliko chuma! Hata hivyo, mahali penye moto mkali kabisa wataalamu huweka metali yenye nikeli, hawaweki chuma cha kawaida. Kwa nini? Hebu twende polepole.

NIKELI NI NINI?

Nikeli ni metali nyeupe inayong'aa, inafanana na fedha. Ni ngumu, na sumaku huishika. Wazee wetu walikwisha kuishika mikononi bila kujua. Sumni na shilingi nyeupe zilizotolewa na nchi yetu mwaka 1966 zilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo maana hazikuota kutu hata zikifungwa kwenye pindo la kanga lililolowa jasho.

Jina lake lina kisa. Zamani wachimbaji wa Ujerumani walikuwa wakipata jiwe lenye wekundu kama la shaba. Walilichoma na kulichoma tena, shaba haikutoka. Wakasema shetani wa mgodini amewachezea, wakaliita jiwe hilo Kupfernickel, yaani shaba ya shetani. Mwaka 1751 mtaalamu mmoja wa Uswidi, Axel Cronstedt, alitoa ndani ya mawe ya namna hiyo metali mpya ambayo haikuwa shaba. Akachukua nusu ya lile jina la matusi, akaiita nikeli. Kumbe kile walichokilaani kilikuwa mali.

NGUVU HUTOKA KATIKA KUCHANGANYA

Sasa tuje kwenye siri yenyewe. Nikeli peke yake haitoshi. Nguvu hutoka katika kuichanganya na metali nyingine. Metali zilizochanganywa hivyo huitwa aloi.

Jambo hili si geni kwetu. Mfinyanzi anajua kwamba si kila udongo unafaa. Udongo mlaini mtupu ukiutia motoni hupasuka. Wafinyanzi wa sehemu nyingi huchagua udongo wenye mchanga wa kiasi, au huongeza mchanga, au huponda vigae vya zamani wakavichanganya humo. Mchanga ukizidi, chungu hakishikani. Ukipungua, chungu hupasuka. Kipimo ndiyo elimu yenyewe. Basi na wataalamu wa metali hufanya vivyo hivyo, ila wao huchanganya nikeli, kromi, alumini, titani na nyinginezo.

Mwaka 1906 Mmarekani mmoja, Albert Marsh, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mchanganyiko wa nikeli na kromi. Mchanganyiko wa namna hiyo uliojulikana sana una kilo 80 za nikeli na kilo 20 za kromi katika kila kilo 100. Huitwa nikromu. Waya wake ukipitishiwa umeme huwa mwekundu kama kaa la moto, ukizimwa unapoa, ukiwashwa unawaka tena. Unafanya hivyo mara maelfu bila kwisha. Waya wa chuma cha kawaida ungekwisha upesi.

Siri ya nikromu ni ngozi yake. Kromi nayo huungana na oksijeni kama chuma kinavyofanya. Lakini ngozi inayotokea ni nyembamba sana, imeshikana, na haidondoki. Inaifunika metali kama vile ngozi yetu inavyoufunika mwili. Oksijeni ikija inakuta mlango umefungwa. Tena ngozi hiyo ikikwaruzwa, kromi iliyoko chini inatengeneza nyingine mara moja, kama kidonda kinavyofunga. Kwa hiyo ule ugonjwa wa tatu, wa kuliwa, umepata dawa. Alumini nayo ina tabia hiyo hiyo.

Magonjwa mawili ya kwanza, kulainika na kurefuka, yalichukua muda zaidi kupata dawa. Haja ilikuja kwa sababu ya ndege. Mwingereza Frank Whittle alitengeneza injini ya jeti, na ndege yenye injini yake iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Mei, 1941. Ndani ya injini ya namna hiyo kuna mapanga kama ya feni, yanazungushwa na moshi wenye joto kali, tena kwa kasi kubwa mno. Panga likirefuka kidogo tu linagusa ukuta wa injini, na hapo ni ajali. Katika miaka ile ya 1940 kampuni ya Henry Wiggin ya Uingereza ilitengeneza aloi za nikeli kwa ajili ya kazi hiyo, ikaziita Nimonic. Ndani yake walitia kromi, na pia titani na alumini kidogo.

Hiyo titani na alumini kidogo ndiyo iliyofanya maajabu. Ikipikwa kwa kipimo cha joto na muda unaotakiwa, hutengeneza na nikeli chembe ndogo ndogo ndani ya metali. Ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona kwa macho. Chembe hizo huzuia metali isiteleze ndani kwa ndani. Mfano wake ni mkulima wa mteremkoni anayepanga mistari ya mawe shambani ili udongo usiteremke mvua ikinyesha. Mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule, lakini udongo unabaki mahali pake.

Basi kwa nini iwe nikeli na si chuma? Kuna sababu mbili kubwa. Kwanza, chuma kikipashwa moto na kufika digrii 912, mpangilio wake wa ndani unabadilika, kikipoa unarudi. Ni kama nyumba ambayo nguzo zake zinahamishwa kila siku. Nikeli haibadiliki. Mpangilio wake ni mmoja tangu ikiwa baridi mpaka inakaribia kuyeyuka. Pili, nikeli ni mwenyeji mkarimu. Inakubali kupokea kromi nyingi na metali nyingine nyingi zikayeyuka ndani yake, kama maji ya moto yanavyopokea sukari.

TUNAKUTANA NAYO WAPI?

Wengine watasema, haya ni mambo ya Ulaya, yanatuhusu nini? Tuhesabu pamoja.

Plagi ya pikipiki. Fungua plagi utazame ile ncha inayorusha cheche. Katika plagi za kawaida ncha hiyo ni aloi ya nikeli. Inapigwa na moto wa petroli maelfu ya mara katika kila safari ya kwenda Ipinda na kurudi. Injini za boti zinazotumia petroli nazo zina plagi za namna hiyo.

Koili ya jiko la umeme na pasi. Ule waya unaokuwa mwekundu mara nyingi ni nikromu, au ndugu yake aliyetengenezwa kwa chuma, kromi na alumini.

Valvu ya ekzosi. Injini ya dizeli ina milango midogo inayofunguka na kufunga. Mmoja huingiza hewa, mwingine hutoa moshi. Mlango wa moshi ndio unaoteseka. Kila mara unapigwa na moshi wa moto mkali, na papo hapo unagongwa kwenye kiti chake. Kwa hiyo hutengenezwa kwa chuma maalumu chenye kromi na nikeli. Katika injini kubwa za meli, zile zinazochoma mafuta mazito, valvu nyingi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli yenyewe, jamaa ya ile Nimonic.

Mitambo ya umeme wa gesi. Gesi ya Songosongo, Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Baadaye ikajengwa mitambo ya Kinyerezi. Kinyerezi II peke yake ni megawati 240. Ndani ya mitambo hiyo gesi huchomwa, moshi wake ukazungusha mapanga, na mapanga yakazungusha jenereta. Mashine hiyo huitwa turbini. Mapanga ya mbele, yale yanayopokea moshi kwanza, ni aloi ya nikeli.

Ndege. Ndege za abiria zinazotua uwanja wa Songwe kule Mbeya, hata zile zenye pangaboi nje, zina turbini ndani ya injini zao. Bila aloi za nikeli ndege hizo zisingeruka.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana kuna jambo la kushangaza. Katika turbini kubwa za siku hizi, moshi unaoyapiga mapanga una joto kupita lile linaloyeyusha mapanga yenyewe! Sasa mbona hayayeyuki? Ni kwa sababu kila panga limetobolewa vinjia ndani, na hewa yenye joto la chini hupulizwa humo. Hewa hiyo hutokea kwenye matundu madogo na kulifunika panga kama shuka. Pia mapanga mengine huyeyushwa na kupozwa kwa ustadi mkubwa hata yakawa punje moja tu. Metali ya kawaida ni punje nyingi zilizoshikana kama ugali wa unga mkavu, na katika joto kali huanza kuachana kwenye maungio ya punje. Pasipo maungio hakuna pa kuachania.

Hata hivyo, tusidhani kwamba nikeli haina adui. Adui yake mkubwa ni kibiriti, yaani salfa. Mafuta machafu yenye salfa nyingi, hasa yakikutana na chumvi ya baharini, hutoboa ile ngozi tuliyoieleza na kuila metali ya chini. Kwa hiyo mafuta safi ni sehemu ya kutunza injini.

USIDANGANYIKE, NA USIMDANGANYE MWENZIO

Tunajua ugumu wa vipuri. Duka liko mbali, bei iko juu, na abiria wanasubiri ufukoni. Hapo fundi hushawishika kutengeneza kipuri kwa chuma chochote alichonacho. Kwa boliti ya kushikilia ubao wa boti, hakuna neno. Lakini kwa kipuri kinachokaa motoni, hapana.

Valvu ya ekzosi iliyochongwa kwa nondo itafanya kazi siku ya kwanza. Pengine na wiki ya kwanza. Lakini magonjwa yale matatu yanaanza siku hiyo hiyo. Inalainika, inarefuka, inaliwa. Siku moja kichwa chake kinakatika na kudondoka ndani ya silinda. Pistoni inakutana nacho na kuvunjika. Injini inazima. Ikizima ukiwa barabarani, utashuka utembee. Ikizima katikati ya ziwa wakati upepo wa kusini unavuma, na milima ya Livingstone imesimama wima majini bila pa kutia nanga, hapo ni suala la roho za watu. Kwa ajili hiyo tunasema: mwenye boti anunue valvu iliyoagizwa kwa injini ile ile, na fundi asione haya kumwambia, "Bwana, kazi hii sifanyi kwa nondo."

Na koili ya jiko je? Ikikatika, wengi huiunga kwa kipande cha waya wa kawaida. Waya huo hauna ile ngozi. Utaunguza maungio, na cheche zitaruka. Wengine huvuta ncha mbili wakazifunga pamoja, koili ikawa fupi. Koili fupi hupitisha umeme mwingi zaidi kuliko uliokusudiwa, kwa hiyo waya za nyumba nazo hupata joto. Nunua koili nyingine yenye kipimo kile kile. Na kabla ya kugusa, chomoa kwanza jiko kwenye umeme.

Wapo wanaosema eti ukitaka kujua metali nzuri jaribu kwa sumaku: isiposhika, ni nzuri. Neno hilo lina ukweli kidogo tu. Nikeli tupu inashikwa na sumaku, nikromu haishikwi, na vijiko vingi visivyoshika kutu navyo havishikwi. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi kukujulisha. Nunua kwa mtu anayejulikana, na dai risiti.

Neno la afya pia. Vumbi na moshi wa nikeli si mzuri. Anayesaga au kuchomelea aloi hizi miaka mingi bila kujikinga anaweza kudhuru mapafu yake, hata kupata saratani. Fanya kazi penye hewa, na ziba pua na mdomo kwa kinga inayofaa. Watu wengine hutokwa na vipele kwa kuvaa hereni au saa yenye nikeli. Ukiona hivyo, vua.

NIKELI YETU WENYEWE

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Metali hii tunayoisifu imo ndani ya nchi yetu. Iko Kabanga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, karibu na mpaka wa Burundi. Iligunduliwa katika miaka ya 1970, wakati wa utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Mawe ya Kabanga yana nikeli karibu kilo 2 katika kila kilo 100 za jiwe, na ndani yake mna shaba na kobalti pia. Kwa nikeli, hiyo ni kiwango cha juu.

Toka ugunduzi huo kampuni mbalimbali zilikuja, zikapima, zikaondoka. Januari 2021 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel. Ikaundwa kampuni ya ubia iitwayo Tembo Nickel, na serikali ikapata hisa 16 katika kila hisa 100. Mpango ulikuwa pia kujenga kiwanda cha kusafisha metali huko Kahama, mahali palipokuwa na mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mpaka mwaka 2025 mgodi wa Kabanga ulikuwa bado haujaanza kutoa nikeli. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita.

Kwa nini kiwanda cha kusafisha ni jambo kubwa? Tueleze kwa mfano wa Lyulilo.

Kila Jumamosi pale Lyulilo pana soko la vyungu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vingine vya mwambao hufinyanga, huchoma, kisha vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na kuletwa sokoni. Wanunuzi hutoka Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Sasa tujiulize: je, akina mama hao wangekuwa wanaleta udongo sokoni badala ya vyungu, wangepata nini? Udongo ni udongo. Anayenunua udongo ndiye angefinyanga, ndiye angechoma, na faida ingekuwa yake. Tena baadaye angewauzia wao wenyewe vyungu vya kupikia.

Nikeli nayo ina ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni jiwe. Ya pili ni makinikia, yaani jiwe lililosagwa na kuondolewa takataka. Ya tatu ni nikeli safi. Ya nne ni aloi. Ya tano ni kifaa chenyewe, kama valvu au panga la turbini. Kila ukipanda ngazi moja, bei inapanda, na kazi za watu zinaongezeka. Nchi inayouza makinikia na kununua mapanga ya turbini inauza udongo na kununua chungu.

Hilo neno makinikia tunalikumbuka. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria za kulinda mali asili. Indonesia, nchi inayotoa nikeli nyingi kuliko zote duniani, ilizuia mawe ghafi ya nikeli kutoka nje tangu Januari 2020. Viwanda vingi vikajengwa kwao. Lakini nao wamepata madhara: misitu imekatwa, na viwanda vingi vinatumia makaa ya mawe yanayochafua hewa. Kwa hiyo kupanda ngazi ni vizuri, ila tupande huku tunatazama tunapokanyaga.

Tena tusijidanganye kwamba ngazi ya nne na ya tano ni rahisi. Aloi bora huyeyushwa katika tanuru lisilo na hewa ndani, kwa sababu hewa kidogo tu huharibu mchanganyiko. Kunatakiwa umeme usiokatika, vipimo visivyokosea, na zaidi ya yote watu wanaojua. Watu hao hawachimbwi ardhini. Wanafundishwa. Mtoto anayesoma fizikia na kemia leo katika sekondari ya kata, na kijana anayejifunza ufundi wa mitambo katika chuo cha VETA, hao ndio wafinyanzi wa nikeli wa kesho. Kumtoa shule binti kwa sababu ya ndoa, au kijana kwa sababu ya kakao iliyoiva, ni kuuza udongo kabla haujawa chungu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Tunaomba vikundi vya kusoma vijadiliane maswali haya, na anayejua kusoma vizuri awasomee wengine.

1. Taja magonjwa matatu ya chuma motoni. Ni vitu gani nyumbani kwako vinaonyesha magonjwa hayo?

2. Kwa nini magamba ya chuma hayazuii kutu ya moto, lakini ngozi ya kromi inazuia?

3. Nikeli huyeyuka mapema kuliko chuma. Kwa nini basi inachaguliwa kwa kazi za moto mkali?

4. Katika kijiji chenu, nani hukagua injini za boti zinazobeba abiria? Mnaweza kufanya nini ili vipuri vya motoni visichongwe kwa chuma chochote?

5. Ukiacha nikeli, ni mali gani nyingine ya wilaya yetu tunayoiuza kama udongo, wakati tungeweza kuiuza kama chungu? Fikirini juu ya kakao, mpunga na samaki.

MANENO YA KUKUMBUKA

Aloi: mchanganyiko wa metali mbili au zaidi.
Kromi: metali nyeupe ngumu inayotengeneza ngozi ya kuzuia kutu.
Nikromu: aloi ya nikeli na kromi, hutumika kwenye koili.
Turbini: mashine yenye mapanga yanayozungushwa na moshi, mvuke au maji.
Makinikia: mchanga wa madini uliosagwa na kupunguzwa takataka, lakini bado haujawa metali safi.